Uko na Nani Hapo?

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatatu, asubuhi

Kaka yangu Hemedi,

Shikamoo. Najua unaitikia marahaba huku unaigeuza bahasha kutafuta kilichomo ndani, kwa kuwa mimi na wewe hatujaandikiana barua tangu nilipokuwa shule ya bweni. Humu hamna kitu kingine. Ni maneno tu, na nakuomba ukae chini uyasome yote mwenyewe, usimpe mtu akusomee haraka haraka uani. Mimi mzima. Kifua kilichokuwa kinakereketa kwa moshi kimeachia. Nawe hali yako? Mgongo je? Wifi yangu Somoe na watoto wanaendeleaje? Na Mama?

Hapo kwa Mama ndipo ilipo barua yote. Jana uliponipigia simu nilikuwa nimekaa barazani kwa mwenye nyumba, nachambua mchele. Ulinisalimia vizuri, ukaniuliza kazi, ukaniuliza mvua, kisha ukaniuliza, "Uko na nani hapo?" Nikasema niko na mama mwenye nyumba. Ukasema haya, Mama hajambo kidogo, ila nikipata nafasi nije. Mimi nikasema halo, halo, nikakata. Baadaye nikakutumia ujumbe kwamba mtandao unasumbua. Mtandao haukusumbua, Kaka. Nilikata kwa sababu ya lile swali lako. Nataka nikueleze kwa nini, na ukishaelewa unijibu jambo moja tu: Mama yupo?

Utasema si ningepiga simu nikauliza. Nimepiga mara ngapi mwezi huu? Kila nikipiga Mama amelala, au anaogeshwa, au amesema nisalimiwe. Tangu kiharusi kile maneno yake hayatoki vizuri, najua, na sikulaumu kwa kutompa simu. Lakini kwenye simu wewe utanijibu kwa ile sauti yako ya kumbembeleza mtoto, nami nitakuamini kwa kuwa ndicho ninachokitaka. Karatasi haibembelezi. Ruhusa nimeshapewa kazini. Barua hii nampa dereva wa basi la mchana pale Mbagala, jioni utakuwa nayo mkononi, na kesho alfajiri mimi mwenyewe napanda.

Kwanza nikueleze yaliyonipata kazini, maana kwenye simu nilikuambia nusu. Najua watu wa huko kwetu Kivinje wakikuuliza unawaambia dada yako ni mwalimu wa chuo kikuu. Si mwalimu. Niko ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Mimi ndiye ninayeandika matangazo, ninayetunza namba za wazazi, na ninayewapigia mtoto akiugua au akikamatwa na polisi. Na chuo chenyewe ulikiona ulipokuja, si cha majani na viwanja. Ni tawi, jengo moja la ghorofa katikati ya maduka. Chini kuna vitenge na vyombo vya plastiki, juu yake stoo za wenye maduka, na juu ya stoo ndio sisi, madarasa mpaka kwenye paa. Mwalimu anafundisha uhasibu huku chini muuza mapazia ananadi kwa kipaza sauti.

Usidhani kwamba majanga yalitukuta tumelala. Tulijiandaa. Tuna mitungi myekundu ya kuzimia moto kila korido, tuna kengele, tuna mishale ya kijani ukutani ya kuonyesha njia, na nyuma ya jengo kuna bango kubwa la mahali pa kukusanyikia. Kule nyuma wenye maduka walikuwa wamepanga marobota ya mitumba mpaka bango lenyewe likafunikwa. Kila mtu aliyaona yale marobota, na kila mtu alijua mwenzake atasema.

Tuna mwongozo pia, umechapwa vizuri na jalada lake. Mtaalamu alikuja kutufundisha, tukakaa naye ukumbini, tukala pilau, tukapewa vyeti. Mwongozo unasema tangazo la dharura litumwe kwenye kundi la simu la chuo kizima, kwa lugha ya heshima na utulivu. Unasema pia kwamba ukimpigia mzazi usimshtue: hakikisha kwanza kuna mtu karibu yake, kisha umweleze taratibu. Nilipousoma niliupenda. Nikasema waliouandika wanajua kuishi na watu.

Siku ya moto ilianza asubuhi ya kawaida kabisa. Nilikuwa mezani naandika tangazo la vitambulisho, ikaja harufu ya plastiki, nikadhani ni wale wanaochoma taka kule nyuma. Kisha moshi ukaingia kwenye korido, mweusi, mzito, unapanda na ngazi. Stoo ya magodoro chini yetu ilikuwa inaungua. Chanzo sikijui. Wenye kazi yao wanachunguza bado, nami sitaki kumsingizia mtu.

Kengele ililia. Lakini kengele yetu hulia kila umeme unaporudi, na kwa umeme wetu huu wanafunzi walishaacha kuisikia siku nyingi. Mkuu wa chuo akanipigia, Zaituni, toa tangazo. Nikatoa. Mikono ilishazoea, ikaandika ilivyofundishwa: Uongozi wa chuo unawasalimu wanajumuiya wote, na kwa heshima na taadhima unapenda kuwataarifu kwamba kufuatia hali iliyojitokeza. Huko mwisho ndipo nilipofika kwenye lenyewe, na hata hapo sikuandika moto. Niliandika changamoto ya moshi. Mimi, Kaka, nimesimama ndani ya moshi wenyewe, naandika changamoto.

Unajua simu inavyoonyesha ujumbe ukiingia, maneno machache ya mwanzo basi. Wanafunzi waliona uongozi wa chuo unawasalimu, wakajua ni habari ya ada, wakazilaza simu kifudifudi wakaendelea na mwalimu. Mmoja aliniambia mwenyewe baadaye, na hakuwa akinitania.

Aliyetushusha hakuwa mtu wa chuo. Ni Mzee Awadhi, yule Mwarabu wetu wa vitenge pale chini, ambaye dukani kwake ulimnunulia Mama doti ulipokuja. Yule mzee hakuuzii kitenge mpaka amalize kukuuliza hali ya mama yako na shangazi zako wote. Siku hiyo alimnyang'anya muuza mapazia kipaza sauti, akasimama katikati ya barabara, akatazama juu, akasema moto. Moto, shukeni. Moto, shukeni. Hakumsalimu mtu. Alilirudia neno hilo mpaka sauti ikamkauka, na madirisha yakaanza kufunguka. Walioshuka kwa ngazi ya nyuma walikuta marobota yameziba, basi akawafungulia mlango wa nyuma wa duka lake, wakapita ndani juu ya vitenge vyake na viatu vyao.

Tulijikuta viwanja vya Mnazi Mmoja. Hakuna aliyetuelekeza kule. Ukitoka Kariakoo unakimbia huna pengine penye uwazi. Wanafunzi walikaa kwenye majani, nyuso zimeingia masizi, wengine wana kiatu mguu mmoja, na wapita njia wanauliza leo kuna mkutano wa nani. Viongozi wa madarasa wakaanza kuita majina. Nilikuwa nimesimama na kiongozi wa mwaka wa pili alipoita Rehema. Akaita tena. Kisha akanitazama mimi, kama kwamba mimi ninaye.

Rehema ni binti wa Kasulu, kule Kigoma. Mwembamba, mpole, ana pumu tangu utotoni. Namjua kwa sababu kila muhula huja ofisini kwangu kuomba asipangiwe bweni lenye vumbi. Zimamoto walimkuta kwenye ngazi ya nyuma amezimia, wakamtoa, akakimbizwa hospitali nami nikafuata. Alikuwa hai. Nasema tena alikuwa hai, maana hilo ndilo nililoshindwa kulifikisha kwa wenyewe.

Daktari akatuambia atapona, ila koo limevimba kwa moshi na hataweza kusema kwa siku kadhaa. Nikatoka koridoni nikampigia baba yake. Nikafuata mwongozo neno kwa neno. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikauliza hali ya nyumbani. Nikamwuliza, "Mzee, uko na nani hapo?" Akasema yuko peke yake shambani. Nikamwomba asogee penye watu. Nikamsikia anatembea, anahema, mpaka akasema amefika kwa mdogo wake. Ndipo nikamwambia, kwa sauti laini kuliko zote nilizonazo, kwamba imetokea ajali ndogo chuoni, Rehema ameumia kidogo, yuko hospitali, ikiwezekana mmoja wao aje.

Akasema, "Haya." Basi, hilo tu, taratibu kama mtu anayetwishwa mzigo kichwani. Simu ikakatika. Nami nikarudi kitandani kwa Rehema nikamwambia nimeongea na baba, amepokea vizuri.

Asubuhi yake nilikuwa nimemnunulia uji napanda nao wodini, simu ikaita. Alikuwa baba mdogo wa Rehema. Akanishukuru kwa yote tuliyomfanyia mtoto wao, akanishukuru tena, kisha akauliza, "Mwili utatoka lini?"

Nikasema hakuna mwili. Nikasema Rehema yupo hai, yuko kitandani, ameumia kidogo tu kama nilivyosema jana. Nilisikia wanawake wanalia nyuma yake, kilio cha watu waliokesha.

"Dada yangu," akasema, "sisi ni watu wazima. Msiba umeshakaa. Tuambie tu, tupange usafiri."

Kaka, kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyozidi kumzika yule mtoto. Kila neno la kweli nililokuwa nalo, watu walishalitumia kufichia kifo. Ameumia kidogo. Yuko hospitali. Mje. Uko na nani hapo. Mimi na wewe tumeyasema hayo na tumeambiwa hayo, na hakuna mtu mzima, pwani wala bara, asiyejua yanakuja na nini. Mwongozo ulikuwa umenifundisha kuwapa watu habari ya ajali kwa maneno yale yale ya msiba, na mimi, mtu wa Kilwa, niliyefiwa, niliyaona ni maneno mazuri.

Nikamwambia subiri, nampa simu mwenyewe. Akasema mpe. Nikakumbuka kwamba Rehema hana sauti. Hata hivyo nikaingia, nikamwomba muuguzi amwondolee kidogo kile kifuniko cha oksijeni, akakubali kwa shingo upande. Nikamwekea simu mdomoni. Rehema akajaribu kusema mama, ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena, hewa. Machozi yakaanza kumtoka, na akilia kifua hubana, na kikibana hupiga mluzi. Simu ikawa pale inasikiliza ule mluzi.

Kule Kasulu nikasikia simu inanyang'anywa, na mwanamke akasema, si kwa kulia, kwa sauti ya mtu anayemgombeza mwanawe, "Rehema, ile dawa yako ya kuvuta umeiweka wapi?"

Nilikaa chini pale pale sakafuni nikalia, mimi ambaye unajua silii mbele za watu. Muuguzi akachukua uji akaanza kumnywesha mgonjwa kwa kijiko.

Baba yake alikuwa ameshapanda basi tangu alfajiri ile, na simu yake ilizima njiani. Safari yote ile ndefu hakuna aliyeweza kumwambia. Nilimpokea mlangoni pa hospitali, mzee wa koti, ameshika mfuko, na ndani ya mfuko shuka jeupe jipya limekunjwa. Sikumwamkia. Nilimwambia, "Yupo hai, twende," nikamshika mkono nikamvuta mbele za watu kama mwizi. Alipofika kitandani hakumshika uso wala kichwa. Alimshika unyayo kwanza, akaukumbatia kwa viganja, akakaa hivyo muda mrefu akiusikiliza kama una joto.

Baadaye tulikaa naye kwenye benchi nje. Nikamwomba radhi. Akasema hana la kunilaumu, nilisema ukweli, wao ndio hawakujua kuusikia. Akanieleza kwamba vijana walishachimba kaburi, na kwao kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, basi wameangusha mgomba wakauzika kwa heshima zote. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kisha akasema neno ambalo nalala nalo mpaka leo.

"Uliponiuliza niko na nani, mwanangu alikufa pale pale. Hayo mengine sikuyasikia."

Rehema yeye anaendelea vizuri. Habari za mgomba alipozipata aliniandikia kwenye karatasi, Madam, mimi nina kaburi Kasulu, akacheka bila sauti mpaka muuguzi akamkanya. Baba yake hakucheka. Shuka lile alilikunja vizuri akarudi nalo.

Tangu hapo tumekaa vikao mpaka viti vimetuchoka. Nilisema tangazo la hatari lianze na hatari yenyewe, neno la kwanza moto, la pili shukeni. Mkuu wa chuo akasema tangazo lisilo na salamu ni utovu wa adabu, chuo kitachekwa. Mzee Awadhi tulikuwa tumemwalika kama jirani, akasema yeye salamu atawapa wote wakishafika chini. Ikapita. Marobota yameondolewa, ingawa juzi nimeyaona mawili yamerudi, yamekaa pembeni kwa adabu kama wageni. Kengele imetengenezwa. Tumefanya zoezi la kushuka na wanafunzi wote, na safari hii hata waliokuwa na mtihani walishuka.

Kuhusu kupiga simu nyumbani kwa watu, nilikataa mwongozo ule mbele yao wote. Nikasema mzazi asisikie sauti yangu kabla hajasikia ya mwanawe. Aliyeumia apewe simu aseme mwenyewe. Asiyeweza kusema, asikike akikohoa. Asiyeweza kukohoa, simu iwekwe mdomoni asikike akipumua, kisha ndipo mimi niamkie na kujieleza. Wakakubali. Mkuu wa chuo akauliza, na asiye na pumzi je? Hakuna aliyetaka kulitamka, basi nikalitamka mimi. Nikasema, basi tuseme amefariki. Neno lipo, tulitumie.

Sasa nakuja kwetu, Kaka. Siku ile ya Baba ulinipigia ukaniuliza niko na nani, ukasema Baba anaumwa kidogo, njoo. Mimi nikakuamini, maana nilikuwa bado mjinga wa mambo hayo. Nilikaa dirishani kwenye basi, nikataniana na abiria wenzangu, nikala mahindi. Basi liliposimama Somanga nikashuka nikachagua changu wa kukaanga, mkubwa, nikamsumbua yule mama mpaka akamgeuza tena mafutani, kwa kuwa Baba hampendi samaki aliyelegea. Wakati namchagua, Baba alikuwa ameshazikwa. Niliona turubai kabla sijaiona nyumba. Wifi Somoe ndiye aliyenipokea ule mfuko wa samaki mkononi, sikumbuki ulikwenda wapi.

Nilikulaumu. Tuseme ukweli, mwaka mzima nilikuwa nakuamkia kwa nusu mdomo, na nadhani ulijua. Wifi akanieleza kwamba uliogopa nisije nikaanguka peke yangu ndani ya basi. Ilikuwa huruma, nimekubali. Lakini huruma ile ilininyima safari yangu. Watu wote walilia tangu asubuhi, mimi nikafika jioni na samaki, nikaanza upya peke yangu wakati wenzangu wameshanyamaza wanakunywa kahawa. Nilikuwa na haki ya kulia kuanzia Mbagala.

Na jana ukaniuliza tena niko na nani.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Mimi naongeza kwamba hata asiyeficha huumbuka, kama maneno yake ni ya mfichaji. Inawezekana kabisa Mama hajambo kidogo, na wewe uliniuliza niko na nani kwa sababu tu ulitaka kujua niko na nani. Inawezekana barua hii itakukuta uko naye, unamlisha, utacheka useme Zaituni amechanganyikiwa na moto wa watu. Cheka, Kaka. Nitafurahi ukinicheka mpaka mwisho wa maisha yangu. Lakini kwa maneno yako ya jana siwezi kujua, na wewe mwenyewe huwezi kunithibitishia kwa maneno. Hapo ndipo maneno yalipotufungia mlango.

Nisalimie wifi yangu Somoe, mwambie mafuta ya nazi aliyonipa yamenifaa kifuani. Nisalimie shangazi Binti Saidi, na magoti yake. Nisalimie mwalimu wa madrasa aliyetusomea hitima ya Baba, na mama jirani anayemletea Mama uji wa mtama asubuhi. Watoto wote wape salamu zangu, yule mdogo mwambie kalamu za rangi ninazo. Salamu za Mama sikupi wewe. Hizo nitazifikisha mimi, iwe kitandani, iwe mahali pengine.

Kesho alfajiri, kabla sijapanda basi, nipigie. Usinisalimie. Usiniulize niko na nani, niko peke yangu na nitaweza. Weka simu mdomoni kwa Mama uniache nisikilize. Hana haja ya kusema kitu. Nimelala mgongoni kwake miaka mingi, pumzi zake nazijua hata kwenye simu mbovu. Nikizisikia nitashuka Somanga nimchagulie samaki, nimsumbue tena yule mama.

Simu ikilia nikasikia sauti yako wewe, basi liseme lile neno, Kaka, lote. Nitalia kuanzia Mbagala.

Mimi mdogo wako,
Zaituni